Rangi ya Kinyonga na Nasaba ya Mtu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa kila kiumbe na Mpaji wa kila rangi. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Kijana mmoja aliyekuwa akihudhuria darsa yetu, na ambaye sasa yuko Ulaya kwa kazi, ametuletea barua yenye suala ambalo mwanzo wake ulituchekesha na mwisho wake ukatunyamazisha. Anasema kwamba huko aliko amezoea kufuga vinyonga, kama watu wa huku wanavyofuga kasuku na njiwa. Huwazalisha na kuwauza. Na wafugaji wa huko, kabla ya kuuliza bei, huuliza, "Kinyonga huyu asili yake ni mji gani?" Kwani kila mji una rangi yake, na yule aliyechanganyika miji miwili hushuka thamani mbele yao hata akiwa mzima wa mwili na mzuri wa sura.

Kijana wetu anauliza mambo matatu. La kwanza, je, ni halali kumpandisha dume wa mji huu kwa jike wa mji ule? La pili, akimuuza aliyechanganyika, na mnunuzi hakuuliza, je, ni lazima aseme? Na la tatu ndilo lililotunyamazisha. Anasema kwamba alipokwenda kuposa huku nyumbani alirudishwa kwa sababu ya nyanya yake, mamake baba. Na sasa kila anapoandika nasaba ya kinyonga katika daftari lake hujiona kuwa anafanya lile lile alilofanyiwa yeye. Anataka kujua: je, kuandika nasaba hizi kumemtia katika kundi la wale waliomrudisha?

Hapana shaka watakuwapo watakaosema, "Kinyonga na dini, wapi na wapi?" Tunawajibu kwamba aliyeulizwa jambo la halali na haramu hana ruhusa kulicheka. Na zaidi ya hayo, Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alipata kumfundisha mtu jambo zito la nasaba kwa kumwuliza khabari za ngamia wake, kama tutakavyoeleza Inshallah.

Kwanza na tumjue mnyama mwenyewe. Watu wetu wa pwani humwogopa kinyonga, ambaye wengine wetu humwita lumbwi. Watoto humpiga mawe, wakubwa hudai kuwa ana sumu, na waganga humtia katika mambo yao. Yote hayo hayana msingi. Kinyonga hana sumu ya kumdhuru mtu, na chakula chake ni wadudu. Qurani imetufundisha kwamba wanyama watembeao na ndege warukao ni umma kama sisi. Basi kumwua kiumbe asiyekudhuru, kwa hofu uliyorithi tu, si jambo la mwenye akili.

Na vinyonga anaowataja kijana wetu ni wa Bukini, kisiwa kiitwacho leo Madagaska, ambacho wazee wetu wa pwani walikijua kwa safari za majahazi tangu zamani. Wataalamu humwita Furcifer pardalis, na aliyemwandika kwanza katika vitabu vyao ni Cuvier wa Ufaransa, mwaka 1829. Dume wake aweza kufika urefu wa nusu mita pamoja na mkia. Hukaa pwani ya kaskazini na ya mashariki ya kisiwa hicho, na ajabu yake ni hii: madume wa Nosy Be huwa wa kijani kilichoelekea buluu, karibu mwili mzima, ukivuka kwa mashua hadi Ambanja, utakuta madume wenye mistari ya buluu nzito juu ya kijani, ukiendelea yapata kilomita 100 mpaka Ambilobe, utakuta mistari ya buluu au myekundu juu ya miili ya kijani na manjano, na ukishuka pwani ya mashariki hadi Toamasina, wekundu ndio unaozidi. Wala si Bukini peke yake. Hata huku kwetu bara yuko kinyonga wa pembe tatu, Trioceros jacksonii, naye ana namna zake: wa upande wa Nairobi si sawa na yule mdogo wa mlima Meru, Tanzania.

Na mtu asidhani kwamba rangi hizi ni zile za kugeukageuka ambazo kwazo watu humfanya kinyonga mfano wa mnafiki. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walieleza kwamba ndani ya ngozi yake mna chembe ndogo mno zenye kurudisha nuru, naye akitulia au akikasirika chembe hizo hukaribiana au huachana, na rangi ikabadilika. Lakini hubadilika ndani ya mpaka wake. Dume wa Nosy Be akighadhibika vipi hawi wa Ambilobe. Basi kinyonga hana unafiki. Asili yake haikani.

Lakini yako mambo mawili yanayofungua mlango wa udanganyifu. Jambo la kwanza ni kwamba watoto wake huzaliwa wakiwa na rangi hafifu ya udongo au kijivu, na dume hadhihirishi rangi yake ila baada ya miezi mingi. Kwa hivyo anayenunua mtoto hununua maneno ya muuzaji. Jambo la pili ni kubwa zaidi: majike wa miji yote hukaribia kufanana, rangi zao zikiwa za udongo, au za waridi iliyofifia, au za machungwa. Ukiwekewa jike wa Ambilobe na jike wa Nosy Be hutaweza kuwapambanua kwa jicho. Kwa hivyo uongo wa nasaba za vinyonga huingia kwa upande wa mama. Baba huonyeshwa kwa fahari, na mama husitiriwa. Tunamwomba msomaji alishike neno hili, kwani tutalirudia.

Sasa tuyajibu masuala.

Jawabu la suala la kwanza. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alipewa zawadi ya baghala, akampanda. Sayyidna Ali (r.a.) akasema kwamba lau wangewapandisha punda kwa farasi wangepata wa namna hiyo, naye Mtume akabainisha kuwa wafanyao hivyo ni wale wasiojua. Na hali Mwenyezi Mungu amewataja baghala katika Surat an-Nahl miongoni mwa neema zake, kwa kupandwa na kwa pambo. Wanavyuoni wamefanyaje baina ya dalili mbili hizi? Imam al-Khattabi, aliyefariki mwaka 388 Hijria, ameeleza kwamba farasi wakipandishwa punda manufaa ya farasi hukatika, uzao wake hupungua, na baghala hana uzao. Basi kilichochukiwa ni kupotea kwa kitu chenye manufaa; mnyama aliyezaliwa kwa mchanganyiko hana lawama, na ndiyo maana Mtume alimpanda.

Tukilipima suala letu kwa mizani hiyo, tunaona kwamba kumpandisha dume wa Ambilobe kwa jike wa Nosy Be ni jambo jepesi kuliko la punda na farasi, kwani hao hukaribiana mno na huzaa. Hatuoni dalili ya kuliharimisha. Lakini ile sababu aliyoieleza Imam bado yafaa kuangaliwa. Wataalamu wale wa Geneva, wakishirikiana na wenzao wa Madagaska, walichukua tone la damu na picha za vinyonga 324 wa miji mbalimbali, na mwaka huo huo wa 2015 wakatangaza kwamba watu wa mji mmoja na wa mji mwengine wametengana kwa damu, si kwa rangi tu, na kwamba huenda hawa si jinsi moja bali ni 11. Ingawa wapo wataalamu ambao hadi leo huwahesabu kuwa jinsi moja. Hivyo, ikiwa wafugaji wote watachanganya bila kuandika, ujuzi wa asili zile utapotea mikononi mwao. Kwa hivyo, anayechanganya na achanganye kwa kujua na kwa kuandika, na wabakie baadhi ya wafugaji wanaohifadhi asili kama zilivyo.

Pamoja na hayo, asimchoshe jike. Jike huyu hutaga kwa mkupuo mmoja mayai 10 mpaka 40 pengine, na umri wake ni mfupi kuliko wa dume. Anayemzalisha mfululizo kwa tamaa ya fedha humla maisha yake. Na katika Hadithi imo khabari ya ngamia aliyemlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba bwana wake humtia njaa na kumchosha, na Mtume akamkemea bwana huyo. Imo vile vile khabari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha. Asiyeweza kumpa kinyonga joto lake, maji yake na wadudu wake, na amwache.

Jawabu la suala la pili. Wanavyuoni wetu wa Kishafii wamesema kwamba haisihi kuuza wadudu na wanyama wadogo wasio na manufaa. Lakini wamemtaja tausi, kwamba huuzwa kwa kustarehe na rangi yake, na ndege mwimbaji kwa sauti yake. Anayetaka kumkisia kinyonga juu ya tausi ana njia. Na kwa kuwa mataifa yamefanya mkataba, uitwao CITES, ambao hauruhusu kinyonga huyu kuvushwa mipaka ila kwa kibali, Muislamu naye atimize masharti hayo, kwani kutimiza ahadi ni katika dini.

Ama kunyamaza kwa kuwa mnunuzi hakuuliza, hilo si halali. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono wake katika chungu ya nafaka, vidole vyake vikapata umaji. Mwenyewe akatoa udhuru wa mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu, watu wakaiona. Kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Angalieni, ndugu zetu: nafaka ile haikuwa mbovu wala haikuwa haramu, na hatukuambiwa kwamba mnunuzi yeyote aliuliza. Kosa lilikuwa kuweka kavu juu na mbichi chini. Na anayemwonyesha mnunuzi baba wa kinyonga katika picha nzuri, akamficha mama, ameweka kavu juu na mbichi chini. Aseme, "Babake ni wa mji huu, mamake ni wa mji ule, na bei yake ni hii." Akipata pungufu, pungufu ile ina baraka.

Jawabu la suala la tatu. Hapa ndipo penye mzigo, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atuongoze kusema haki, ijapokuwa juu ya nafsi zetu.

Mtu mmoja wa majangwani alimjia Mtume (s.a.w.) akiwa na shaka, kwa kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume akamwuliza kama ana ngamia. Akasema anao. Akamwuliza rangi zao. Akasema ni wekundu. Akamwuliza kama miongoni mwao yumo wa rangi ya majivu, akasema yumo. Akamwuliza hiyo imetoka wapi. Akasema huenda ni asili ya zamani iliyomvuta. Mtume akamwambia kwamba na mwanawe huyo pengine ni asili iliyomvuta. Kwa maswali manne mtoto akathibiti kwa babake, na heshima ya mama ikahifadhika. Basi rangi peke yake si hoja ya kumkana mtu wala kumshuku mtu. Ilivyokuwa mfugaji wa ngamia aliijua kanuni hii kwa mifugo yake, Mtume alimtaka aijue kwa mwanawe.

Na watu walikuwa wakimtilia shaka Usama bin Zaid kwa kuwa yeye alikuwa mweusi na babake mweupe. Akaja Mujazziz, mjuzi wa kutambua nasaba kwa viungo vya mwili, akawaona wawili hao wamelala wamejifunika, miguu tu imetokeza. Akasema kwamba miguu ile yatokana yenyewe kwa yenyewe. Mtume (s.a.w.) akaingia kwa Bibi Aisha uso wake ukimeremeta kwa furaha. Hii ni dalili kwamba kuijua nasaba kwa ukweli ni jambo zuri lenye kufurahisha. Nasaba ni amana. Kwayo hujulikana mirathi, na walioharimishwa kuoana, na haki za ujamaa. Na Mtume amemwonya vikali anayejinasibisha kwa asiyekuwa babake hali akijua.

Lakini tazameni Mtume alifanya nini na nasaba ya Usama ilipokwisha kuthibiti. Zaid alikuwa mtumwa akaachwa huru. Na mamake Usama, Ummu Ayman, alikuwa Mhabeshi. Fatima bint Qais, mwanamke wa Kikureshi, alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm, Mtume alimshauri aolewe na Usama. Mwanzo hakupendezwa, kisha akakubali, naye mwenyewe akasimulia baadaye kwamba Mwenyezi Mungu alimtilia kheri katika ndoa hiyo. Basi kuijua nasaba ya mtu hakukuwa sababu ya kumweka chini. Na Abu Dharr alipomtia mtu aibu kwa mamake, Mtume alimwambia kwamba bado ana ujahilia ndani yake.

Sasa tuitazame miji yetu. Sisi watu wa pwani ni wana wa bahari. Babu zetu wametoka huku na huku, na nyanya zetu vivyo hivyo: yupo wa visiwani, yupo wa bara, yupo Mmijikenda aliyesilimu, yupo Mhabeshi, yupo aliyeletwa kwa jahazi bila ya ridhaa yake akawa suria katika nyumba ya watu. Sheria imekwisha kusema kwamba mtoto wa suria kwa bwana wake ni mtoto huru, hapungui kitu kwa nduguze. Na Nabii Ismail (a.s.) mamake ni Bibi Hajar, ambaye kila mwenye kuhiji hukimbia nyayo zake baina ya Safa na Marwa. Lakini sisi tumefanya nini? Tumehesabu mababa kwa sauti, na mama tumewasitiri. Katika nyumba nyingi mtu atakutajia mababu saba bila ya kukosea, na ukimwuliza jina la nyanya yake mmoja, atakuambia hajui, au atakuomba usiulize.

Wako wengine waliozidi hapo, wakajitafutia babu wa mbali ambaye hakuwapo, ili waonekane watukufu. Hawa ni kama yule anayeandika jina la mji wa fahari juu ya kinyonga aliyechanganyika. Na wako wanaomrudisha mposaji mwenye dini, mwenye tabia njema na mwenye kazi, kwa ajili ya kikongwe aliyekwisha kufa zamani. Kisha wakamwoza binti yao mtu asiyesali, kwa kuwa jina la ukoo wake ni zito. Hawa ni kama mnunuzi anayemwacha kinyonga mzima akanunua mgonjwa kwa ajili ya karatasi. Uongo wa wa kwanza na kibri cha wa pili hulishana. Kwani lau watu wasingedharauliwa kwa ajili ya mama zao, wasingepata haja ya kuwaficha.

Huenda mtu akatuambia, "Je, madhehebu yetu haizingatii nasaba katika kufaana kwa mume na mke?" Twasema naam, imezingatia, wala hatukatai yaliyomo vitabuni. Lakini hiyo ni haki ya mwanamke na walii wake. Wakiridhia, ndoa husihi bila ya shaka. Haikuwekwa iwe daraja ya watu mbele ya Mwenyezi Mungu, wala haimruhusu mtu kumtukana marehemu wa watu katika baraza la posa. Na Mtume ametuhadharisha kwamba tukimrudisha anayeturidhisha kwa dini na tabia, itakuwa fitina na ufisadi katika nchi. Fitina hiyo tunaiona kwa macho yetu: mabinti wanaozeeka nyumbani, na vijana wanaokwenda ng'ambo wasitake kurudi.

Nasi tunakiri kosa letu. Tumekaa zaidi ya mara moja katika mabaraza ambamo neno la namna hii lilisemwa juu ya nyanya wa mtu, tukainama tukaitazama kahawa yetu, kwa kuwaonea haya wenye nyumba. Tunamtaka msamaha Mwenyezi Mungu, kisha tunawataka msamaha wale ambao haki yao tuliinyamazia.

Basi ewe kijana wetu, kuandika nasaba hakukutii katika kundi la waliokurudisha. Waliokurudisha hawakukosa kwa kujua nyanya yako ni nani. Walikosa kwa kumfanya aibu. Endelea kuandika daftari lako kwa ukweli, baba na mama, na yule aliyechanganyika muuze kwa jina lake, wala usimtupe, kwani naye ni umma kama umma nyengine. Na siku ukija kuposa tena, ukiulizwa jamaa zako, wataje wote, na nyanya yako mtaje kwa jina lake. Mwenye kukurudisha na akurudishe hali ameambiwa kweli. Na huenda Mwenyezi Mungu akakufungulia nyumba iliyo bora kuliko ile.

Nanyi wazazi wa miji yetu, mkiwa mnaamini kwamba katika Surat ar-Rum Mwenyezi Mungu amehesabu tafauti ya ndimi zetu na rangi zetu kuwa ni katika Ishara zake, basi msiifanye Ishara ya Mwenyezi Mungu kuwa sababu ya kufungiana milango.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki, atuwezeshe kuifuata. Amin. Wabillahi tawfiq.